Asipopiga, Msichomoe

Kibamba, 10 Februari 2025

Mdogo wangu Bruda Valerian,

Tumsifu Yesu Kristo. Mkono unaoandika ni wa shemeji yako, lakini maneno ni yangu mimi kaka yako Fransis. Kwa hiyo ukikuta mahali pana huruma nyingi, ujue hapo kaongeza yeye.

Hali yangu si mbaya tangu kile kiharusi. Mkono wa kulia bado umelala, ila mguu umeanza kukumbuka kazi yake. Herufi ndizo zinanichezea machoni, hazikai mahali pamoja, ndiyo maana siandiki wala sisomi. Nasomewa kama bwana mkubwa.

Shida yetu ni intaneti. Kompyuta ya Marselino inawaka vizuri, lakini ukitaka kufungua chochote inaleta maneno ya Kiingereza na alama nyekundu. Ilianza ghafla, wiki ile umeme ulipokatikakatika. Tumezima, tumewasha, wapi. Fundi mmoja wa Kimara alikuja akaifungua, akaipuliza vumbi, akasema mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani, imekufa, tununue nyingine. Nikamwambia aende salama. Nimechonga mpingo tangu ujana wangu, namjua mtu anayekisia.

Unajua Jumapili saa kumi jioni ndiyo saa ya mtoto kupiga. Huko baharini simu ya kawaida haishiki, ni ile intaneti ya meli tu. Na sie simu zetu ni za kubonyeza, hazina picha. Kwa macho yangu haya, ni kioo kile kikubwa tu kinachonionyesha sura yake. Tangu meli yao iende kwenye bahari za baridi sijamwona. Mama yake anasema tusubiri, kitu kitajirekebisha. Tangu lini kitu kikajirekebisha nyumba hii?

Wewe ndiye unayetengeneza kompyuta za monasteri nzima. Tuandikie hatua, mojamoja, kama unamwelekeza mtoto. Simu ya kwenu ipo ofisini, kila mtu anasikia, na mie sitaki watu wasikie kwamba kaka yake Bruda anashindwa na waya.

Nduguyo,
Fransis
(kwa mkono wa Mama Marselino)

*

Karatasi ya pili

Shemeji, hii usiijibu kwenye karatasi ya kaka yako. Nimeiandikia jikoni, yeye yuko barazani anasubiri chai.

Marselino hayupo. Nimeliandika neno hilo nikalitazama, halafu nikaenda kugeuza mkaa.

Ilikuwa mwezi wa kwanza. Nilikuwa gengeni nanunua dagaa, simu ikalia. Kijana mmoja wa ile ofisi iliyompeleka melini akaniuliza, mama, umekaa? Nikamwambia nimesimama. Akasema, kaa kwanza. Nikakaa juu ya ndoo ya mwenye genge. Akaniambia meli ililala ubavu kwenye dhoruba. Wengine wameokolewa, wanne hawakuonekana, na mpishi, ndiye Marselino, ni mmoja wa hao wanne. Wametafuta, sasa wameacha kutafuta. Akasema watatuma barua rasmi. Nikamshukuru, shemeji. Nilisema asante mwanangu, kama mtu aliyepewa chenji.

Nilirudi nyumbani yowe likiwa hapa kooni. Nikamkuta kaka yako kashika nguzo ya baraza, jasho linamtoka, anacheka. Akasema, "Mama Marselino umechelewa, leo nimesimama peke yangu." Na daktari alishaniambia, mshtuko mmoja mwingine na huyu hatunaye. Nikameza. Nikaingia ndani nikakaanga dagaa.

Ikawa naiogopa Jumapili. Nikawa sijui saa kumi nitasema nini. Ndipo umeme ukakatika, uliporudi kompyuta ikagoma yenyewe. Nikasema Mungu kanifunika. Na ili isije ikapona bila mie kujua, nimeuvuta ule waya huko nyuma kidogo. Ukiutazama umeingia, lakini haujaingia.

Sasa kaka yako kang'ang'ania tukuandikie wewe. Nakuomba kwa magoti, mwandikie hatua zisizofika. Mzungushe tu, mpaka mwili wake upate nguvu.

Wanaojua mpaka leo ni Mungu, mie, na sasa wewe baba yake mdogo. Pole, shemeji. Nakupa pole wewe, na mie mwenyewe hakuna aliyenipa. Mtaa mzima unaniita Mama Marselino, asubuhi mpaka jioni. Nageuka, naitika.

Eufrazia

*

Monasterini, Masasi, 21 Februari 2025

Kaka Fransis,

Milele amina. Nimefurahi kusikia mguu unakumbuka. Mkono nao utakumbuka, una kiburi tu kama mwenye nao.

Mazabodi haijafa. Ingekuwa imekufa isingewaka. Intaneti ni kama maji ya bomba, kaka. Kabla ya kulaumu koki ya jikoni uliza kwanza kama bomba kuu lina maji. Kwa hiyo anza na kile kiboksi chenye taa, ruta. Kizimeni ukutani, msali Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, taratibu, si kama mnavyosali mkiwa na njaa, ndipo mkiwashe. Taa zikitulia bila kupepesa nyekundu, maji yapo kwenye bomba kuu.

Halafu njooni kwenye waya unaotoka kwenye ruta kuja kwenye kompyuta. Uchomoeni pande zote mbili, mpanguse, mrudishe mpaka msikie tak. Hilo tak ni la lazima. Usipolisikia, waya haujaingia hata kama kwa macho umeingia.

Ikikataa bado, tazameni saa ile ya kwenye kona ya chini ya kioo. Hapo ndipo nadhani ugonjwa ulipo. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo mviringo, kama sarafu, kazi yake ni kukumbuka siku. Kompyuta kuukuu betri hiyo hufa, na kila umeme ukikatika inasahau mwaka, inarudi nyuma huko ilikotengenezwa. Na mtandao haumfungulii mlango mtu asiyejua leo ni lini, unamwona tapeli. Marselino alikuwa akiirekebisha tarehe kabla hajafungua kitu, nilimwona nilipokuja huko likizo. Bonyezeni pale kwenye saa, andikeni siku, mwezi na mwaka wa leo. Itafunguka.

Mdogo wako,
Bruda Valerian

*

Karatasi ya pili

Shemeji Eufrazia,

Barua yako niliipokea kabla ya sala za jioni, nikaisomea karakanani. Nikaenda kanisani nayo kifuani. Wenzangu waliimba zaburi, mie nilifungua mdomo tu. Jirani yangu akadhani nina mafua.

Pole. Pole sana, dada yangu. Nilimbeba yule mtoto mgongoni wakati mnahamia Kibamba, akanitapikia kanzu.

Uliniomba hatua za uongo. Nimejaribu, nikajaza nusu ukurasa, nikachana. Hatua ulizoziona kwenye karatasi ya kwanza ndizo za kweli, zote. Utakachomsomea na utakachoruka ni kati yako na Mungu wako, sitakuhukumu, siko ndani ya nyumba hiyo saa kumi ikifika.

Nina swali moja tu, na usinijibu kwa haraka. Huo waya ulioulegeza, unamkinga kaka peke yake?

Valerian

*

Kibamba, 8 Machi 2025

Shemeji Bruda,

Leo karatasi ni hii moja ya siri. Kaka yako nimemwambia nakusalimu tu.

Nilimsomea. Nikafika kwenye ruta, nikafika kwenye Salamu Maria, akacheka sana. Pa kwenye tak nikaparuka. Pa kwenye tarehe nikaparuka. Nikasema, basi, anasalimia. Akanitazama. Akasema, "Valerian kaishia hapo? Yule ambaye hata ukimuuliza choo kiko wapi anaanzia Mwanzo sura ya kwanza?" Nikamwambia huko monasterini amejifunza kunyamaza. Tukazima ruta, tukasali, tukawasha. Taa zikakaa vizuri zote. Kompyuta ikasema hapana. Akasema haya, tutajaribu tena kesho. Anajaribu kila siku, shemeji. Ananituma nizime, anasali kwa sauti, ananituma niwashe. Naisikia ile Baba Yetu kama napigwa nayo.

Karatasi yako ya pili niliitia kwenye mkaa. Hii ya kwanza nimeihifadhi ndani ya Biblia, kwa kuwa imesema jina la Marselino.

Ile kona ya kioo nimeiangalia. Inasema Januari 2015. Mwaka huo Marselino yuko kidato cha pili, anavaa viatu vya baba yake kwa kuwa vyake vimembana, anakula ubwabwa wa sufuria nzima halafu anauliza kuna nini kingine. Sikuigusa. Nikasema, acha kuna mahali pamoja duniani ambapo bado ni mwaka huo.

Jumatano ya Majivu nilikwenda. Padre akaniwekea majivu akasema kumbuka u mavumbi. Nikafikiri, mwanangu hata mavumbi hakupewa. Sina kaburi la kupalilia. Kwenye karatasi ya nia za misa siandiki marehemu. Naandika, kumwombea msafiri Marselino. Padre anaisoma hivyo hivyo, watu wanaitikia, mama mmoja wa jumuiya akaniuliza, anarudi lini? Nikasema Mungu anajua. Na si uongo.

Sasa swali lako. Nimekaa nalo wiki hizi, nimepika nalo, nimefua nalo. Nakujibu wewe tu.

Mtandao ukiwa mbovu, Marselino hapigi kwa sababu mtandao ni mbovu. Ukipona halafu asipige, hapo ndipo atakuwa amekufa.

Barua rasmi haijaja. Maiti haijaja. Kijana kwenye simu alisema hawakuonekana, hakusema wamekufa, na mie nimelishika neno hilo kwa meno. Huyo ndiye kifungua mimba wangu na ndiye kitinda mimba, shemeji. Niache na waya wangu.

Niombee.

Eufrazia

*

Kibamba, 19 Machi 2025
Sikukuu ya Mt. Yosefu

Valerian,

Huu ni mkono wa kushoto. Usicheke. Naandika mistari michache napumzika.

Herufi zimeacha kucheza tangu majivu. Sikumwambia mtu. Nilitaka kumshtua shemeji yako siku ya Pasaka, nichukue kitabu cha misale nisome mbele yake, aone.

Ijumaa alikwenda Njia ya Msalaba. Nikafungua Biblia nijipime. Nikakuta karatasi yako. Ni ndefu kuliko niliyosomewa. Kuna tak. Kuna tarehe. Nikasema maskini, huyu mwanamke kachoka, anaruka mistari. Ngoja nimalize mwenyewe, akirudi akute mtoto yuko kwenye kioo.

Nilizunguka meza nimeshika ukuta. Waya umelegea. Nikausukuma. Tak. Nikaandika mwaka kwa kidole kimoja. Ikafunguka.

Nilifurahi, Valerian. Nataka mtu mmoja ajue nilivyofurahi.

Nikaingia pale anapotuitia Marselino. Kuna meseji. Nikadhani ni zake. Ni za mama yake. Anamwandikia mtoto. Nadhani huwa anaandika mchana nikilala. Chini ya kila moja kuna tiki moja. Mtoto alinifundisha, moja imetoka, mbili imefika. Zote ni moja.

Umekula?

Baba yako jana kafika mpaka mlangoni.

Baba yako hajui. Nisaidie asijue, daktari kasema mshtuko mmoja mwingine na hatunaye.

Huko chini kuna baridi?

Hiyo ya baridi niliisoma mara nyingi. Mtu hamuulizi hivyo aliye melini.

Anaandika kisha anachomoa. Kama mtu anayebisha hodi akakimbia kabla hajajua kama nyumba ina watu.

Sikuanguka. Daktari wake kakosea. Nilikaa tu. Halafu nikauvuta waya nikauacha kama alivyouacha yeye, umeingia haujaingia. Nikazima. Nikarudi kitini. Aliporudi akasema mbona macho mekundu. Nikasema jirani kachoma takataka. Akanipikia uji, akanipa kwa kijiko, na mkono wa kushoto ninao. Nikala.

Tangu hapo kila siku namwambia tujaribu tena. Tunazima, tunasali, tunawasha. Najua haitafunguka. Naye anajua. Ile Baba Yetu namsalia mtoto. Ndiyo matanga yangu.

Usimwambie. Nikisema najua, atakosa kazi. Kazi yake sasa ni kunificha mie. Ikimwishia sijui atashika nini.

Barua hii ataipeleka kwenye basi Stephano wa bodaboda. Nimemwambia ni mambo ya mbao.

Fransis

*

Monasterini, Masasi, 28 Machi 2025

Kaka Fransis na shemeji Eufrazia,

Tumsifu Yesu Kristo.

Bahasha hii ina karatasi moja. Usiitikise, shemeji, hakuna nyingine. Nimechoka kukunja mbili. Isomeni mkiwa wawili, kwa sauti, na asiyesoma naye aitazame karatasi.

Nimefunga ndani yake betri ile ndogo niliyowaeleza. Mtatoa ubavu wa kompyuta, ni skrubu mbili. Ya zamani mtaiona, inang'aa, imekaa kwenye kitanda chake. Ibinyeni kwa ncha ya kisu itaruka. Hii iwekeni upande wenye maandishi ukitazama juu. Mkishaandika tarehe ya kweli safari hii, haitasahau tena, hata umeme ukatike wiki nzima.

Fanyeni hivyo Jumapili. Ikikaribia saa kumi kaeni wote wawili mbele ya kioo, waya usukumeni pamoja, msikie tak wote.

Halafu msubiri. Asipopiga, msichomoe.

Sina hatua nyingine baada ya hiyo. Nimetengeneza mashine nyingi hapa na kila nikishindwa huwa natafuta pa kuanzia upya. Hapa sikupata.

Nimeomba ruhusa kwa Abati nije. Amesema baada ya Pasaka. Nitakuwa nawasalia saa hiyo hiyo ya kumi, nitaomba nisiende shambani.

Ndugu yenu,
Valerian

*

Kibamba, 15 Aprili 2025

Shemeji Bruda Valerian,

Milele amina.

Barua yako ilifika Alhamisi. Mie kwa mazoea nikaikung'uta bahasha barazani nikitafuta karatasi yangu, ikadondoka betri, ikabiringika mpaka chini ya kiti cha kaka yako. Akaivuta kwa mguu. Akasema, "Ndiyo karatasi ya pili hiyo." Sikumwelewa; kumbe aliniona nikiikung'uta bahasha yako ya kwanza pia. Nikaanza kusoma. Nilipofika pale uliposema tusome wote wawili nikatafuta pa kurukia. Akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaisoma yeye. Polepole, lakini hakukosea. Akasoma mpaka jina lako kule mwisho.

Nikamuuliza, umeanza lini kusoma?

Akasema, "Tangu majivu."

Ndipo nikakumbuka ile Biblia. Nikakumbuka yale macho mekundu ya Ijumaa na jirani ambaye hakuwa kachoma kitu. Nikaenda jikoni nikasimama. Hatukusemezana mpaka Jumapili, zaidi ya chumvi na maji. Tukiwa kitandani nilimsikia hajalala, naye alinisikia. Na nikuambie, shemeji, nilikuandikia ile tarehe sikuigusa. Niliigusa. Karatasi yako ilinifundisha njia ya kufungua, nikawa nafungua kaka yako akisinzia mchana. Wewe ulitaka kuniambia ukweli, mie nikapata pa kubishia hodi.

Jumapili baada ya misa nilipika wali. Hakuna aliyekula. Alinielekeza zile skrubu, nikazifungua, nikaitoa ile betri kwa kisu cha vitunguu, nikaweka yako. Alikuwa ananifokea kama anavyowafokeaga vijana wake wa kuchonga. Maandishi juu, juu nimesema, au hujui juu? Nikafurahi anifokee.

Ilipokaribia saa kumi alikuja nyuma ya meza, anaburura mguu. Nikaushika waya, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya wangu. Tukasikia tak. Nikaandika tarehe mwenyewe, sita, mwezi wa nne, elfu mbili ishirini na tano. Ikafunguka bila hata kusumbua. Meseji zangu zikaja zote zimejipanga pale, na tiki yake mojamoja. Nilitaka kufa kwa aibu. Nikaweka kiganja kwenye kioo nizifunike. Akaniambia, "Toa mkono, Mama Marselino. Nimezisoma zote. Hata mie ningemuuliza kama kuna baridi."

Tukakaa. Saa kumi ikafika, ikapita. Kile kioo kikawa kinazimika chenyewe na mie nabonyeza kitufe kinawaka. Saa kumi na moja nikasema labda hesabu ya saa za huko imebadilika. Nikasema labda ruta, ngoja nizime tusali. Akanishika kanga. Alinishika tu nisinyanyuke.

Msikitini pale chini walikuwa wanaadhini Magharibi ndipo akasema, "Mama Marselino, mtoto hapigi."

Nikasema, "Hapigi."

Basi. Kwetu, wewe unajua, habari ya msiba huletwa na mtu. Wazee huja wakakaa, wakaomba maji, wakazunguka, ndipo mtu akaambiwa ameshikwa mabega. Sisi hatukuwa na wa kutushika. Tuliambiana wenyewe, na tulikuwa tunajua wote.

Lile yowe la dagaa ndipo likatoka. Sikujua kama bado lilikuwepo. Majirani walikuja wakidhani ni kaka yako kaanguka, wakamkuta amekaa wima kitini na mie ndiye niko sakafuni. Wakanifunga kanga kiunoni. Mmoja akauliza, tunazika lini? Nikamwonyesha kompyuta. Sijui kwa nini. Nilinyoosha kidole tu.

Jumuiya walileta mikeka na turubai. Kukawa na ubishi, wengine wanasema bila maiti hakuna matanga, wengine wanasema tuzike hata nguo zake. Kaka yako akasema hatuziki nguo, mtoto si gunia. Tukakaa hivyo hivyo, tukasali rozari, tukaanua matanga. Presha ilimpanda usiku wa kwanza, wakampeleka zahanati, wakamrudisha asubuhi. Yupo. Hasemi sana. Jana nimemkuta na kipande cha mpingo mapajani, mkono wa kushoto, hachongi, anakipapasa tu. Nikimwuliza anatafuta nini anasema njia ya mti, zile nyuzi zinakoelekea.

Nia ya misa nimeiandika upya. Nilikaa na ile kalamu ya parokia mpaka watu wa nyuma wakaguna. Nikaandika marehemu. Padre aliposoma, yule mama aliyeniuliza anarudi lini akageuka akanitazama. Nikainamisha kichwa.

Kompyuta hatujaizima. Waya uko mahali pake. Kaka yako alisema Valerian kasema msichomoe, basi hatuchomoi, na huwa anaupitishia kidole kuhakikisha.

Sasa jambo lililonifanya nikae kukuandikia leo ingawa Juma Kuu hili lina kazi nyingi. Juzi umeme ulikatika, tangu mchana mpaka asubuhi ya pili. Uliporudi nikaenda kuiwasha. Nakuambia ukweli, nilikwenda mbio. Nilisahau betri. Nilikuwa nakwenda kuona ile kona ya chini, Januari 2015, viatu vya baba yake, sufuria ya ubwabwa. Nikasema sitafungua kitu, nitatazama tu mwaka, halafu nitairekebisha.

Ikawaka. Ikasema tarehe kumi na nne Aprili, mwaka huu.

Nikakaa pale. Kaka yako akauliza kutoka barazani, imekubali? Nikamwambia imekubali. Akauliza, tarehe je? Nikamwambia inakumbuka.

Akasema basi mwandikie Bruda kwamba kazi yake nzuri.

Kazi yako nzuri, shemeji. Ukija baada ya Pasaka kitanda ni cha Marselino, nimekitandika.

Mama Marselino